Maneno ya Kutazamwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ninachora maneno. Kazi yenyewe naifanyia nyumbani, Ng'ambo, mjini Unguja, na wapitao barazani hunikuta nimeinamia kitambaa wakasimama kuuliza. Wanafunzi wa skuli huuliza, akina mama wanaosuka na kushona huuliza, na vijana wanaotaka kujifunza hunipigia simu kuuliza yale yale. Nimeona bora niyaandike majibu pahala pamoja, kwa urefu ule kila swali linaoustahiki.

Kuchora maneno ndiyo nini hasa?

Ni kufanya picha ambayo neno ndilo mwenyewe wa picha. Bango la duka hukwambia kinachouzwa, ukishajua umelimaliza. Katika picha ninayoisema mimi, umbo la herufi, ukubwa wake, rangi, na uwanja mtupu ulioachwa pembeni vyote vinasema pamoja na maana. Mtu analisoma neno mara moja, kisha anabaki kulitazama.

Si sanaa ya kigeni hiyo?

Hapana, na swali hili huniuma kidogo, kwa sababu anayeuliza mara nyingi amevaa kanga.

Nenda Kizimkazi Dimbani, kijiji cha kusini mwa Unguja. Ndani ya msikiti wa pale, kwenye ukuta wa kibla, mna maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Msikiti wenyewe ulijengwa upya karne ya 18, lakini maandishi yale yakahifadhiwa. Aliyeyachonga hakuridhika na kutaja mwaka tu. Herufi zake zimenyanyuka, ncha zimechanua, na mstari mzima una mwendo hata kwa asiyejua kusoma Kiarabu. Tangu wakati huo, zaidi ya miaka 900, watu wa visiwa hivi hawajaacha kuyafanya maneno yawe kitu cha kutazamwa.

Njoo Mji Mkongwe uinue macho kwenye milango. Ile ya mtindo wa Kiarabu, yenye kizingiti cha juu kilichonyooka, mara nyingi imechongwa aya, dua, jina la mwenye nyumba au mwaka wa Hijria. Fundi seremala alikuwa akichonga maua na minyororo kwenye miimo, lakini pahala pa heshima, juu ya kichwa cha anayeingia, alipaacha kwa maneno.

Halafu kuna yasiyotiwa katika vitabu vya wageni. Mashua zenye majina ubavuni mwa omo. Gari za abiria ziitwazo chai maharage, zilizoandikwa mbele na nyuma. Vipepeo vya kujipepea vya ukili, yaani majani ya ukindu yaliyosukwa, na kawa za kufunikia chakula zenye maneno ya kukaribisha. Ubao wa maskani, pale watu wa mtaa wanapokutana kuzungumza, ambao kila asubuhi una kauli mpya kwa chaki. Na kombe: aya iliyoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikaoshwa kwa maji ya marashi na mgonjwa akanywa. Kombe si sanaa ya maonyesho wala siiweki katika fungu hilo, ni tiba na ni ibada. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha jinsi watu wetu walivyoliamini neno lililoandikwa kwa mkono safi.

Neno zuri la kuchora nalipataje?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu langu halibadiliki: kabla ya kuchagua neno, mjue unayemwambia.

Tazama mifano niliyoitaja hapo juu. Maneno ya kizingitini yanamwambia anayeingia. Jina la mashua wanaambiwa walioko pwani na walioko chomboni. Kipepeo kinamwambia mgeni aliyekuja na jasho lake. Kila neno lina mtu wake, na ndiyo maana halichoshi. Wanaoanza huniletea picha zilizoandikwa UPENDO, AMANI, UHURU kwa rangi nzuri kabisa, na picha imelala. Huwa namuuliza mchoraji: upendo wa nani kwa nani? Akinijibu kwamba anamfikiria bibi yake aliyemlea, basi neno la picha si UPENDO tena. Huenda ni lile bibi alilokuwa akimwita kila jioni, na hilo likichorwa, hata asiyemjua bibi huyo husimama.

Kwa hiyo kusanya. Mimi nina madaftari ya maneno tu. Nina majina ya pepo: kaskazi, kusi, matlai, umande. Nina maneno ya maji: bamvua, maji mafu, kujaa na kupwa. Nina maembe, boribo na dodo na shomari. Nina maneno ya sokoni, tungule na mbatata, ambayo mtoto akienda bara huambiwa aseme nyanya na viazi. Nina vitendawili, matusi ya mapenzi, na jinsi wazee wanavyoagana. Baraza ni darasa kubwa kuliko skuli kwa kazi hii, madhali unakaa kimya na kusikiliza.

Kanga inatufundisha nini? Mbona unaitaja kila mara?

Kwa sababu sijapata kuona mpangilio wa maneno na picha ulio timamu kuliko ule.

Kanga ina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina, yale maneno yanayokaa ndani ya kisanduku juu ya pindo la chini. Kipande kimoja ni kama mita moja na nusu kwa mita moja, na huuzwa viwili pamoja, doti. Tangu mwisho wa karne ya 19 nguo hii imekuwa ikivaliwa katika pwani yote, kwanza bila ya maneno, kisha kwa maneno ya herufi za Kiarabu, na baadaye kwa herufi za Kirumi, kubwa tupu, karibu kila mara bila ya nukta wala mkato.

Sasa angalia maneno yanapoangukia mwili unapojifunga. Yanakaa nyuma, chini ya kiuno. Mvaaji hayaoni. Anayeyasoma ni yule aliyebaki nyuma wakati mvaaji anaondoka, na hapo ndipo utamu ulipo: neno linasemwa na mtu ambaye hakufungua mdomo, na kwa mtu ambaye hawezi kumjibu kwa sababu mwenyewe keshapita. Nikichora, huwa najiuliza swali hilo hilo. Mtazamaji atakuwa wapi atakapolisoma neno hili? Anaingia au anatoka? Amesimama au amekaa?

Somo la pili ni urefu. WEMA HAUOZI lina herufi 10. NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE lina herufi 45. Yote mawili hukaa katika kisanduku cha upana ule ule, basi la kwanza linatoka nene na lenye nafasi, la pili linajibana na kukimbia. Na kila moja linafaa hali yake! La kwanza limetulia, la pili lina hasira ya mtu aliyeshikwa pumzi. Sijui kama waliopanga walikusudia, ila mimi nakusudia.

La tatu ni vina. JAPO SIPATI TAMAA SIKATI linakaa vizuri machoni kwa sababu linakaa vizuri sikioni: sipati na sikati zinaitikiana, na jicho linaona ATI mbili zikisimama mbalimbali kama nguzo za mlango. Mshairi mzuri amekwishakufanyia nusu ya kazi ya mchoraji. Ndiyo sababu nawaambia wanafunzi wasome mashairi ya Kamange na Sarahani wa Pemba na ya Haji Gora Haji wa Tumbatu kabla ya kununua brashi.

Herufi za Kiarabu au za Kirumi?

Zote zetu. Ila zinafanya kazi tofauti, na mtu asichague za Kiarabu kwa sababu tu zinapendeza.

Herufi za Kiarabu zinashikana, zinavutika, zinaweza kupanda juu ya wenzake. Unaweza kulifanya neno moja lijaze duara. Taabu yake ni kwamba sauti za Kiswahili hazikuenea humo zote. P, v, g na ch hazimo katika alifu zilizozoeleka, kwa hiyo waandishi wa pwani waliazima kutoka kwa Waajemi, mfano ile be yenye nukta tatu chini kuwa p. E na o nazo hazina alama zake katika Kiarabu, msomaji hukisia baina ya i na e, u na o. Wazee waliosoma chuoni, yaani madrasa, husoma bila ya shida kwa kuwa wanaijua lugha. Vijana hukwama. Ukichora kwa hati hii, jua kwamba watazamaji wako wengi wataona umbo kwanza na maana itawafikia baadaye kwa kuulizana. Mimi hilo nalipenda: mjukuu anamwita babu aje amsomee.

Herufi za Kirumi ni ngumu zaidi kuzipendezesha, msidanganyike. Kila moja imesimama peke yake. Na Kiswahili, kwa vile maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, kina A nyingi mno. Andika TAMAA kwa herufi kubwa uone: A tatu, pembetatu tatu, na mapengo makubwa baina yao juu. Usipozisogeza A zikaribiane, neno linakatika vipande. Mafundi wa mabango wanalijua hili kwa mkono, bila ya kufundishwa kwa kitabu. Ukimpata mmoja aliyezeeka katika kazi, kaa naye.

Naweza kuchora aya za Kurani?

Za kutundikwa ukutani, pahala pa juu na safi, ndiyo, na ni sanaa yenye heshima kubwa na wataalamu wake. Jifunze kwa mtu anayejua hati na anayejua kusoma, kwa sababu nukta moja ikihama maana imehama. Muoneshe kazi yako kabla ya kuitoa nje.

Kwenye mkeka, kanga, mto, mkoba, kikombe cha kuuzia watalii: hapana. Mkeka unakanyagwa na kanga inaingia msalani. Nimeombwa mara kadhaa nifanye hivyo kwa malipo mazuri na nimekataa, na nitaendelea kukataa. Hazina ya misemo yetu ni kubwa, haina haja ya kugusa hapo.

Shikamoo mwalimu. Mimi niko Wete, nasuka mikeka na mama yangu. Je, kusuka maneno kwenye ukili ni sanaa kama ya kuchora?

Marahaba mwanangu. Ni sanaa, na kwa maoni yangu ni ngumu kuliko yangu.

Mimi nikikosea naweza kufuta. Wewe unaanza na ukindu uliokatwa, ukaanikwa, ukachanwa, ukachemshwa na rangi, na neno lazima ulione zima kichwani kabla ya mwaa wa kwanza. Kwa vile miyaa inapishana kwa mshazari, herufi zako zinatoka na pembe za ngazi. O haiwezi kuwa duara na S inakuwa na magoti. Usione ni upungufu! Herufi hizo hazipatikani kokote isipokuwa kwenye ukili, na mchoraji wa brashi akiziiga hujulikana mara moja kwamba ameiga.

Ushauri wangu ni huu. Chukua karatasi ya hesabu yenye miraba, panga herufi zako mraba kwa mraba, na ubaki na mpango mmoja wa herufi zote ambao ni wenu, wewe na mama yako. Kisha mwache mama achague maneno. Na msiishie kwenye KARIBU. Mkeka wa kulalia unaweza kusema la usiku, wa kulia chakula ukasema la chakula.

Maneno ya Kipemba, Kitumbatu au Kimakunduchi yanafaa, au niandike Kiswahili sanifu?

Andika kile kinachosemwa na mtu wako. Kiunguja cha mjini kilichaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na sote tumefaidika, lakini picha si mtihani wa skuli. Lipo jambo moja la kuzingatia: amua namna moja ya kuandika sauti za kwenu na uishike katika picha zote, ili msomaji asidhani ni kosa. Ukiwa na mashaka waulize wazee wawili, si mmoja.

Vifaa ni ghali?

Si lazima. Nguo ya marikani inatosha kuanzia. Ifue kwanza, maana hurudi ikapungua, ikikauka ivute kwenye fremu ya mbao na uipigilie misumari midogo kutoka katikati kwenda pembeni. Paka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, ikikauka paka rangi nyeupe ya maji ile ya ukutani, mara mbili. Hapo una pahala pa kuandikia pazuri kwa bei ndogo. Plaiwudi nayo ni nzuri, ila ifunge na kingo zake kwa rangi, kwani unyevu wa huku huingilia pembeni na kuivimbisha.

Kwa herufi tumia brashi yenye nywele ndefu, ya bapa. Mistari ya kuandikia piga kwa uzi uliopakwa unga wa chaki, kama wafanyavyo maseremala: uvute, uachie, mstari umenyooka. Hesabu herufi pamoja na nafasi, tafuta ya katikati, anza hapo ukienda kulia na kushoto kwa penseli kabla ya rangi. I ni nyembamba na M ni pana, kwa hiyo hesabu peke yake haitoshi, mwisho wa yote ni jicho. Nyekundu za bei ya chini huwahi kupauka juani. Usitundike mkabala na dirisha la magharibi.

Neno moja, msemo, au shairi zima?

Anza na msemo mfupi. Neno moja linahitaji mkono uliokomaa, shairi zima linahitaji subira ya mtazamaji ambayo bado hujaipata.

Mafumbo je? Nisiogope kuleta ugomvi mtaani?

Ogopa kidogo, inasaidia.

Fumbo ndilo roho ya maneno yetu ya kutazamwa. Taarabu imelelewa nalo, tangu enzi za Siti binti Saad, mtoto wa kijiji cha Fumba aliyekuja mjini akaimba yaliyokuwa yakinong'onwa. Kanga imelelewa nalo pia: mke mwenza ananunua doti, hasemi kitu, anaanika uani. Uzuri wa fumbo ni kwamba lina milango miwili. Anayehusika anajua, asiyehusika anaona msemo tu wa hekima. MAJIRANI HUZIMA MOTO ni shukrani kwa jirani mwema, na kwa jirani mwingine ni ukumbusho mkali.

Ninachokataa ni fumbo lenye mlango mmoja, lile ambalo kila apitaye atamjua aliyesemwa. Hilo si fumbo tena, ni kumtangaza mtu. Picha inakaa ukutani miaka, wakati ugomvi wenyewe umekwisha na watu wamesameheana na kuoana. Mchoraji anapotaka kusema jambo zito juu ya mtaa wake, na asikome kusema, basi alisukie fumbo la kweli, ambalo hata aliyesemwa atalisifu.

Kuna mtu wa Zanzibar aliyefika mbali kwa kazi ya namna hii?

Yuko Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kupelekwa Uingereza angali mtoto mchanga. Miongoni mwa kazi zake zimo picha alizozipanga kwa mfano wa kanga, zenye pindo, mji na maneno. Mwaka 2017 alipata tuzo ya Turner, ambayo ni kubwa katika sanaa ya Uingereza, naye ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Huwaonesha wanafunzi wangu picha zake, tukazitandaza karibu na kanga za mama zao, na hapo maneno hunitoka kidogo sana, kwani wanaona wenyewe.

Niende wapi nikatazame?

Kizimkazi Dimbani, lakini ni msikiti unaosaliwa. Omba ruhusa, vaa kwa stara, usiende wakati wa sala. Milango ya Mji Mkongwe itembee asubuhi, jua likiwa la pembeni, maana mchongo huonekana kwa kivuli chake. Maduka ya kanga ya Darajani na Mchangani ni maonyesho yasiyo na kiingilio, ila usimchoshe mwenye duka, nunua hata doti moja. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 wakati wa Seyyid Barghash, ina milango mikubwa yenye aya zilizochongwa, lakini sehemu ya jengo iliporomoka Disemba 2020, kwa hiyo ulizia kwanza. Mashua zitazame Malindi ya hapa mjini na Nungwi. Pemba, zunguka masoko ya Chake Chake na Wete ukitafuta mikeka na vipepeo, na uulize jina la aliyesuka.

Nikitumia msemo wa kanga au ubeti wa mtu, ni wizi?

Methali na misemo ya wote ni ya wote, itumie. Ubeti wa mshairi aliye hai ni wake: mwendee umuombe. Washairi wetu wengi hufurahi, na huomba tu jina lao liandikwe. Kama ameshafariki, waulize watoto wake. Zanzibar ina sheria ya hakimiliki na ina COSOZA, ofisi ya hakimiliki, ya kusimamia mambo hayo, lakini mimi naona adabu inatangulia sheria. Andika jina la mshairi nyuma ya picha hata pale usipolazimika, na mpelekee nakala.

Unapokea wanafunzi?

Napokea, mmoja au wawili kwa wakati. Njoo na daftari lenye maneno uliyoyasikia wewe mwenyewe, na ueleze kila moja lilisemwa na nani akimwambia nani. Michoro si lazima.